Tembe za Kutuliza Uvimbe Zaweza Kuamsha Kifua Kikuu

Huenda wewe msomaji una pumu, au viungo vyako hufura kila asubuhi, na jirani akakushauri ununue prednisoloni dukani. Baada ya siku mbili tatu uvimbe wapungua, nawe waisifu dawa. Ni kweli inafanya kazi, lakini je, wajua inavyofanya?

Viini vya maradhi viingiapo mwilini, chembe nyeupe za damu huvimeza na kupiga mbiu kwa kutoa kemikali ziitwazo saitokini. Hizo ndizo huziita chembe nyingine vitani, na ndizo huleta homa na uvimbe. Prednisoloni, kama dada yake deksamethasoni, huzifanya chembe zitoe saitokini chache. Mgonjwa huona nafuu, kumbe viini vingalimo, na homa ambayo ingemshtua daktari haipo.

Hatari yenyewe huonekana wazi katika kifua kikuu. Karibu robo ya watu duniani wanakadiriwa kuwa na viini vyake, ingawa wengi hawataugua kamwe. Chembe nyeupe huvizingira na kuvifungia ndani ya vinundu vidogo, hasa mapafuni, na saitokini iitwayo TNF ndiyo hushikilia ukuta huo. Mwaka wa 1998 Marekani iliidhinisha infliksimabu, dawa ya sindano inayozuia TNF. Kufikia 2001 wagonjwa 70 walikuwa wameripotiwa kupata kifua kikuu baada ya kuitumia, wengi wao wakiwa wamedungwa mara tatu tu au chini ya hapo. Prednisoloni nayo, miligramu 15 au zaidi kila siku kwa mwezi mzima, huongeza hatari hiyo.

Hata hivyo usiilaani. Kifua kikuu kikishika utando wa ubongo, uvimbe wenyewe huua. Katika utafiti wa Vietnam uliochapishwa 2004, wagonjwa 545 walitibiwa kwa dawa za kifua kikuu. Kati ya walioongezewa deksamethasoni walifariki 32 katika kila 100, wasioongezewa, 41. Hapo viini vilikuwa vikipigwa wakati uo huo.

Kabla ya kumeza, mweleze daktari kama umewahi kuugua kifua kikuu, unaishi na mgonjwa, au unakohoa kwa majuma mawili. Na ikiwa umeitumia kwa majuma kadhaa usiiache ghafla, kwani tezi zilizo juu ya figo huwa zimelala na waweza kuzirai. Daktari ataipunguza kidogo kidogo.