Kumwazima Bunduki Mtu Unayemjua



Ndugu zangu katika imani, somo hili limetoka barazani kwetu Palma, kando ya ghuba ya Tungue, kaskazini kabisa mwa Cabo Delgado. Likizo iliyopita, baada ya swala ya isha, jamaa mmoja alimwomba jirani yake gobori akalindie shamba la mpunga, maana nguruwe pori walikuwa wanalimaliza. Jirani akasita. Mzee mmoja akamkumbusha suratul Maun, namna Mwenyezi Mungu alivyowalaumu wanaowanyima wenzao vitu vya msaada, akasema, "Mpe mwanangu, huyu si mtu baki." Kisha wote wakanitazama mimi, mwanafunzi wa dini. Sikuwa na jibu. Nimerudi chuoni nikafungua vitabu.

Mzee hakukosea katika msingi. Ibn Masud (r.a.) alilifasiri neno maun kuwa ni vitu wanavyoazimana watu, kama ndoo na chungu. Silaha nayo ina dalili yake. Kabla ya vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliazima deraya kwa Safwan bin Umayya, ambaye wakati huo hajasilimu. Safwan akauliza kama ananyang'anywa. Mtume akamjibu kuwa la, ni azima yenye dhamana. Ameipokea Abu Daud, na kwa hadithi hii madhehebu yetu ya Shafii yanasema mwazimaji atalipa kitu kikipotea mkononi mwake, hata kama hakuzembea. Wahanafi wanaihesabu ariya kuwa amana, halipi mpaka azembee.

Kwa hiyo kuazimana silaha asili yake ni halali. Tatizo liko kwenye masharti.

La kwanza, manfaa yanayoazimwa yawe halali. Suratul Maida, aya ya 2, inatuamrisha kusaidiana katika wema na inatukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Mafakihi wetu wanapozungumzia kumuuzia zabibu mtengeneza pombe husema ni haramu ukijua atazitengenezea pombe, na ni makuruhu ukishuku tu. Silaha iko katika mlango huohuo, na wakati wa fitna jambo huzidi uzito: Imran bin Huswayn (r.a.) alichukia kuuza silaha wakati wa fitna, na Imam Bukhari amelitaja hilo katika kichwa cha mlango mzima. Kama kuuza kumechukiwa, kuazima hakuwezi kuwa kwepesi zaidi, kwa sababu silaha bado ni yako.

Sisi wa Tungue fitna hatuisomi vitabuni. Ilianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na Palma ikavamiwa tarehe 24 Machi 2021. Baadhi ya vijana walioingia msituni ni wenyeji wa mkoa huuhuu, wana mama zao na majirani zao, walisoma madrasa na wenzetu. Nao walikuwa watu tunaowajua. Hapo ndipo neno la mzee, kwamba huyu si mtu baki, linaponisumbua. Kumjua mtu ni kujua ukoo wake na tabia yake ya jana. Nia yake ya kesho usiku huijui.

Sharti la pili wengi hawalisikii kabisa. Mwazimishaji lazima awe na haki juu ya manfaa anayoyatoa. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa, kwa kauli sahihi, aliyeazimwa kitu hawezi kumwazima mwingine: alichopewa ni ruhusa ya kutumia yeye tu. Sasa fikiria bunduki ambayo serikali imempa mlinzi wa kijiji. Hata akiombwa na kaka yake wa tumbo moja, hana cha kuazima.

Na gobori la jirani yetu, alilorithi kwa baba yake? Ni milki yake. Lakini Msumbiji, kama Tanzania, inataka mwenye silaha ya moto awe na leseni kwa jina lake, na leseni haihami pamoja na bunduki. Jambo hili si geni pwani yetu. Mkataba wa Brussels wa 1890, uliotiwa saini miaka mitatu baada ya Wareno kuiteka Tungue kutoka kwa Sultani Barghash, tayari uliwataka wapewao silaha wahakikishe hawatampa wala kumuuzia mtu wa tatu. Nia za wakoloni tunazijua. Hata hivyo kanuni ya fikihi kwamba hatua za kiongozi juu ya raia hufungamana na maslahi yao inampa mtawala nafasi ya kuzuia jambo la halali linapoleta madhara. Madhara yenyewe yako wazi: askari wa doria akimkuta jamaa yetu usiku shambani na gobori, atajuaje kuwa anawinda nguruwe?

Jibu langu kwa baraza, basi, ni kwamba asipewe. Suratul Maun anaweza kuitekeleza vingine: kumpa chakula, kwenda naye kukesha shambani na madebe na moto, kumsaidia kujenga ua. Kama gobori limeshatoka, ariya si mkataba unaomfunga mtu. Mwenyewe anaweza kulidai hata leo kabla ya magharibi. Gharama ya kulirudisha ni juu ya mwazimaji, lakini ningemshauri jirani amfuate mwenyewe, waende nalo wote wawili polisi mchana, wakiwa na shahidi.