Punda Anayejua Kusoma: Shamba la Wanyama katika Riwaya na Filamu

Utangulizi

Riwaya inapogeuzwa kuwa filamu, wanafunzi wengi wa fasihi huanza kwa kutafuta kilichoachwa: mhusika gani ameondolewa, tukio gani limefupishwa. Orodha ya namna hiyo ni mwanzo mzuri, lakini haitoshi. Swali lenye uzito zaidi ni hili: badiliko likishafanywa, ni nani anayeondolewa lawama na ni nani anayetwikwa? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kulinganisha riwaya ya George Orwell, Animal Farm, iliyochapishwa Uingereza mwaka 1945, na filamu ya katuni iliyotokana nayo mwaka 1954. Hoja kuu ni kwamba filamu, kwa kubadilisha mwisho, ilimtakasa punda Benjamin, mhusika ambaye katika riwaya anabeba hatia ya msomi aliyenyamaza.

Wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu riwaya hii kwa jina la Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyochapishwa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1967. Ni riwaya ya kidistopia, yaani kazi inayosawiri jamii ya kubuni ambamo ahadi ya maisha bora imegeuka kuwa kifungo. Wanyama wanamfukuza mkulima Jones ili wajitawale. Nguruwe wanashika hatamu, Napoleon anamfurusha mwenzake Snowball, na amri saba zilizoandikwa ukutani zinapindwa moja baada ya nyingine. Orwell alilenga hasa Mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917 na utawala wa Stalin uliofuata.

Usuli wa Filamu

Filamu ya 1954 ilitengenezwa Uingereza na John Halas na Joy Batchelor, mtu na mkewe. Orwell alikuwa amefariki Januari 1950. Fedha za kuitengeneza zilitoka kwa siri katika Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, kupitia kwa mtayarishaji Louis de Rochemont. Jambo hilo lilikuja kujulikana hadharani miaka mingi baadaye, na linasaidia kueleza mabadiliko yaliyofanywa.

Riwaya inamalizika kwa karamu. Nguruwe na wakulima wa kibinadamu wameketi meza moja, wanakunywa na kucheza karata, kisha wanagombana. Wanyama wanaochungulia dirishani wanatazama nyuso za pande zote mbili na hawawezi tena kuzitofautisha. Kejeli hiyo inakata kuwili: mtawala mpya amelaaniwa, na bwana wa zamani hakusafishwa. Katika filamu, wakulima wa kibinadamu hawamo karamuni. Waliomo ni nguruwe peke yao. Benjamin anaziona sura zao zikigeuka kuwa sura ya Jones, kisha wanyama wanaivamia nyumba na kuuangusha utawala wa Napoleon. Katika Vita Baridi, mwisho wa namna hiyo ulikuwa na manufaa: ulimlaani mkomunisti bila kumgusa bepari, na uliashiria kwamba raia wa nchi za kikomunisti wangeweza kuasi.

Filamu nyingine, iliyoongozwa na John Stephenson mwaka 1999, inasimuliwa na mbwa jike Jessie. Humo utawala wa nguruwe unaporomoka, na familia mpya ya wanadamu inawasili shambani. Miaka minane ilikuwa imepita tangu Muungano wa Kisovieti usambaratike mwaka 1991. Kwa hiyo kila filamu iliandika mwisho ambao wakati wake uliutamani au uliushuhudia.

Msimulizi na Kamera

Msimulizi wa riwaya ni wa nafsi ya tatu, lakini anajua kidogo tu zaidi ya wanyama wenyewe. Maziwa yanapopotea siku ya kwanza ya uhuru, anasema tu kwamba hayakuonekana tena. Baadaye ndipo inapobainika kuwa huchanganywa katika chakula cha nguruwe. Msomaji analazimika kuunganisha mambo mwenyewe. Vivyo hivyo, Squealer, msemaji wa nguruwe, hutumia takwimu na vitisho kuwashawishi wanyama kwamba kumbukumbu zao ndizo zenye kosa. Riwaya hii inahusu matumizi mabaya ya lugha kama inavyohusu matumizi mabaya ya mamlaka.

Kamera haiwezi kunyamaza kwa namna hiyo. Katika filamu wanyama wa kawaida karibu hawasemi, na uovu unaonekana kwa macho. Mtazamaji anamchukia Napoleon mapema, lakini hapati kazi ya kugundua uongo katika sentensi. Anachokipata kwa upande wa hisia, anakipoteza kwa upande wa uchambuzi.

Benjamin

Katika riwaya, Benjamin anasoma vizuri kama nguruwe yeyote, lakini anakataa kuutumia ujuzi huo kwa kuwa, kwa maoni yake, hakuna kinachostahili kusomwa. Jike la farasi, Clover, ambaye anazijua herufi lakini hawezi kuziunganisha kuwa maneno, ndiye anayehisi kwamba amri zimebadilishwa na kuomba asomewe. Benjamin anakataa kujiingiza. Anafumbua kinywa siku rafiki yake Boxer, farasi mchapakazi, anapochukuliwa kwa gari. Wanyama wanampungia mkono wa kwaheri wakiamini anapelekwa hospitali. Benjamin anawasomea maandishi yaliyo ubavuni mwa gari: ni la mchinja farasi. Gari linaondoka. Baadaye Squealer anaeleza kwamba Boxer alifia hospitalini akiwa ametunzwa vyema, na kwamba gari lilikuwa limenunuliwa na daktari wa mifugo ambaye hakuwahi kufuta jina la zamani.

Filamu ilimwondoa Clover, na mengi yaliyokuwa yake akapewa Benjamin. Kisha ikampa uongozi wa maasi. Punda aliyejua na kunyamaza akawa shujaa. Hapo ndipo lilipo badiliko zito kuliko yote, kwa kuwa riwaya haimpi msomi nafasi ya kujisafisha.

Riwaya Inaposomwa Kisumu

Orwell hakuandika kuhusu Kenya, na haifai kumlinganisha kila mhusika na mwanasiasa fulani. Hata hivyo, maana ya kazi hukamilishwa na mazingira ya msomaji. Mwaka 1991, mwaka ambao mfumo wa chama kimoja kisheria ulifikia kikomo, serikali ya Kenya ilizuia kuonyeshwa kwa mchezo wa jukwaani uliotokana na hadithi hii. Dola yenyewe ilijiona ndani ya hadithi ya nchi nyingine.

Katika jiji la Kisumu, neno hospitali katika tukio la Boxer lina mwangwi wake. Hospitali ambayo leo inaitwa kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, na wakazi wamezoea kuiita Russia. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alipokwenda kuifungua, zilitokea vurugu na walinda usalama wakawafyatulia watu risasi. Serikali ilitaja watu 11 waliokufa. Wengine wametaja idadi kubwa zaidi. Siku tano baadaye chama cha KPU, kilichoongozwa na Odinga, kilipigwa marufuku. Kwa miaka mingi tukio hilo halikuzungumzwa waziwazi, hadi Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipoliingiza katika ripoti yake ya mwaka 2013. Waliojua walikuwapo wakati wote huo. Msomaji anayeifahamu historia hii hawezi kumtazama Benjamin kama mzee mwenye busara tu.

Hitimisho

Ulinganisho huu hauthibitishi kwamba riwaya daima ni bora kuliko filamu. Unaonyesha kwamba mwisho wa filamu unamruhusu mtazamaji kuondoka akiwa ametulia, kwa sababu haki imetendeka mbele yake. Riwaya inamwacha dirishani pamoja na wanyama, akiwa ameona na bado hajatenda lolote.

Maswali ya Kujadili

1. Je, mhusika anayejua ukweli na kunyamaza ana hatia sawa na anayesema uongo? Linganisha Benjamin na Squealer.
2. Jadili jinsi msimulizi asiyejua yote anavyojenga kejeli, kisha ueleze mbinu ambazo mwongozaji wa filamu angeweza kutumia kufikia lengo hilo.
3. Kama Shamba la Wanyama ingetengenezewa filamu ya Kiswahili kando ya Ziwa Viktoria, ni mwisho upi ungefaa, na kwa nini?