Mke wangu kapima, mimi nipime ya nini?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni dereva wa bodaboda, miaka 31, naishi Nyasho hapa Musoma. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano, mtoto wetu wa pili. Alipoanza kliniki aliambiwa aje na mwenza wake. Sikwenda. Alipimwa virusi vya ukimwi peke yake, akakutwa salama, nami nikaona yameisha: kama yeye mzima, na mimi mzima, si tunalala kitanda kimoja? Tangu hapo ananiandama nikapime. Nimemweleza kwamba nimetahiriwa, siwezi kupata, hasikii. Kijiweni wanasema mwanamume anayeonekana kliniki ya wajawazito kakaliwa. Baba yangu naye anasema amepata watoto tisa bila kukanyaga huko. Nimwambie nini aniache?
Dereva, Nyasho

Marahaba, mwanangu. Unataka dawa ya kumnyamazisha mkeo. Hiyo sina, na ningekuwa nayo nisingekupa, maana katika barua yako mwenye haki ni yeye.

Wapo wanandoa wanaolala kitanda kimoja miaka na miaka, mmoja ana virusi na mwenzake hana. Kipimo cha mkeo kimeeleza habari za damu yake, tena za siku ile tu. Wewe hujapimwa. Kama unavyo bila kujua, unaweza kumwambukiza sasa akiwa mjamzito, au baadaye akinyonyesha. Mtu akiambukizwa, wiki za mwanzo virusi huwa vingi sana mwilini, kwa hiyo mtoto anakuwa hatarini kuliko wa mama aliyejijua mapema akaanza dawa. Ndiyo maana kliniki humrudia kipimo mjamzito mimba inapokomaa.

Wenzako ni wengi. Juni 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua kule Dodoma kampeni ya Furaha Yangu, ikiwalenga hasa wanaume, kwa kuwa ndio waliobaki nyuma katika kupima, wengine wakitegemea majibu ya wake zao kama wewe.

Kuhusu tohara umesikia nusu. Utafiti uliofanyika Kisumu, kwenye ziwa letu hili hili, na Rakai nchini Uganda, matokeo yakachapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba tohara inampunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa zaidi ya nusu. Inapunguza, haizuii. Na unayepunguziwa ni wewe. Mkeo akilala na mwenye virusi, tohara ya mume haimkingi.

Mzee wako nampa heshima yake. Lakini ukimwi ulitambuliwa nchini mwaka 1983, kule Kagera, na huenda baadhi ya hao tisa walikuwa wameshazaliwa. Halafu kliniki ilikanyagwa na mama yenu, mara zote tisa. Siku moja muulize yeye ilikuwaje uchungu ulipomshika usiku.

Tuje kijiweni, maana naona ndiko hasa kunakokubana. Asubuhi mnawabeba wajawazito wenyewe. Mnawashusha getini, mnapokea nauli, mnageuza pikipiki. Njia ya kliniki mnaijua kuliko mtu yeyote hapo mjini! Na katika hao wanaocheka, yupo ambaye usiku mkewe anamwambia maneno yale yale. Mtafute pembeni, si mbele ya watu. Mkienda wawili, dhihaka itawapungukia nguvu.

Nisiwaonee wanaume peke yao. Kliniki nyingi zimepangwa kana kwamba baba hatakuja kamwe: benchi limejaa akina mama, naye anabaki kusimama ukutani na helmeti mkononi, hakuna anayemweleza kitu. Na ule mtindo wa kumtaka mama aliyekuja peke yake alete barua ya mwenyekiti wa mtaa siupendi hata kidogo. Unamwadhibu mwanamke kwa kosa la mwanamume ambaye hakuja. Wahudumu mnaosoma safu hii, hilo liangalieni.

Kama benchi bado linakushinda, anza na kujipima. Tangu Bunge liliporekebisha sheria mwaka 2019, mtu anaruhusiwa kujipima mwenyewe. Uliza kipimo hicho kituo cha afya. Unapitisha kijiti kwenye fizi, unakitumbukiza kwenye kichupa, unasubiri dakika 20. Kikionyesha maambukizi, rudi kituoni wathibitishe. Dawa ni bure, na tangu mwaka 2016 mtu huanzishiwa bila kusubiri kinga ishuke. Ukizimeza vizuri mpaka virusi vikafubaa visionekane kwenye kipimo, humwambukizi mwenzako kwa kujamiiana.

Mkeo usimfiche majibu, wala usimhoji kama askari. Na yeyote kati yenu atakayekutwa navyo, mkono usiinuke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imesema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake.

Kujipima hakufuti kliniki. Huko utaelezwa dalili za hatari, kama kutokwa damu, kichwa kuuma sana au uso kuvimba, na mtapanga usafiri na akiba ya siku ya kujifungua. Leo usiku soma tarehe kwenye kadi ya mkeo, kisha waambie wenzako kijiweni kwamba asubuhi hiyo hutakuwepo.