Wahadzabe wa Meatu: Wanachunguzwa, Lakini Nani Anafundisha?

Kati ya wilaya za Mkoa wa Simiyu, Meatu ndiyo inayoelekea bonde la Ziwa Eyasi. Huko, pembezoni mwa Wasukuma walio wengi, zinaishi baadhi ya familia za Wahadzabe. Jamii hii yote, pamoja na walio mikoa jirani, ni watu elfu moja na mia chache tu, na lugha yao haina undugu uliothibitishwa na lugha nyingine yoyote.

Kwa uchache wao, ni jamii chache duniani zilizochunguzwa na sayansi ya tiba kiasi hicho. Mwaka 2012 watafiti walipima nishati ambayo mwili wa Mhadzabe hutumia kwa siku. Walikuta kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, haipishani na ile ya watu wa nchi za Magharibi wanaoshinda vitini. Jambo hilo lilitikisa fikra zetu kuhusu unene. Mwaka 2014 vinyesi vya Wahadzabe 27 vilionyesha bakteria wa utumbo wa aina nyingi kuliko wa Waitalia waliolinganishwa nao. Utafiti wa mwaka 2017 ukaeleza jinsi bakteria hao wanavyobadilika kwa kufuata kiangazi na masika. Wanafunzi wa udaktari husoma habari hizi. Mhadzabe mwenyewe ni nadra kumkuta darasani, achilia mbali mbele ya darasa.

Ada ya sekondari ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Hatua hizo humfaa aliyekwisha kufika. Mtoto wa Kihadzabe huanza shule kwa Kiswahili, ambacho si lugha ya mama yake, na sekondari hukutana na Kiingereza. Shule iko mbali, na maisha ya nyumbani hufuata asali, matunda na mawindo. Kwa maoni yangu, kumpunguzia alama za kujiunga na udaktari pekee hakutamfaa, kwa kuwa aliyeacha shule darasa la tano hafiki mahali alama zinapohesabiwa. Fedha zianzie kwenye bweni na kwa mwalimu ajuaye lugha yake. Kisha yafuate mafunzo ya awali ya sayansi, mfano wa yale ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliyaandaa kwa wasichana.

Hasara ya kuwakosa inaonekana wodini. Mgonjwa Msukuma akipewa rufaa kwenda Bariadi, hakosi muuguzi wa kumsalimu kwa Kisukuma. Mhadzabe hueleza maumivu yake kwa lugha ya kuazima, na mara nyingine jibu la "ndiyo" ni la heshima tu. Mhudumu, mwombe akurudishie maelezo kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kupokea ridhaa yake. (Na maswali ya udadisi kuhusu nyama ya nyani hayamo katika historia ya ugonjwa.)

Nawe unayeombwa damu au kinyesi kwa utafiti, uliza sampuli itapelekwa wapi, itatunzwa muda gani, na majibu yataletwa kijijini na nani. Uliza pia kibali cha maadili kilichotolewa nchini. Una haki ya kukataa, au kujitoa baada ya kukubali, na matibabu yako hayapunguzwi kwa sababu hiyo.