SOMO LA VIKUNDI: PAMBA YA BT, TUPIME KABLA YA KUPANDA



Desemba 2019 Baraza la Mawaziri la Kenya liliruhusu pamba ya Bt ilimwe kibiashara, na mwaka 2020 wakulima wakaanza kuipanda. Ubishi haujaisha: huyu anasema ni mkombozi, yule anasema ni sumu. Leo tuipime kwa utulivu.

Bt ni nini?
Ni bakteria anayeishi udongoni. Wataalamu walichukua kinasaba chake wakakiingiza kwenye pamba, na sasa mmea wenyewe hutengeneza kitu kinachoua funza wa vitumba anapoutafuna. Hivyo kunyunyiza dawa ya funza kunapungua. Lakini angalieni: vidukari na wadudu wengine wanaofyonza hawafi. Msitupe pampu!

Wenzetu wameona nini?
India iliruhusu pamba hii mwaka 2002, na leo karibu pamba yake yote ni ya Bt. Walakini funza wekundu wa huko wameizoea, na dawa zimerudi shambani. Burkina Faso walianza 2008. Funza walipungua, ila nyuzi zikatoka fupi na wanunuzi wakalalamika. Kufikia 2016 nchi ilikuwa inaiacha. Kumbe mbegu inaweza kumshinda mdudu na bado ishindwe sokoni.

Ya kukumbuka
1. Mbegu zilizoletwa Kenya ni haibridi. Ukiweka za mavuno yako upande tena, hazitatoka sawa. Kila msimu ni kununua.
2. Pandeni pia mistari ya pamba ya kawaida pembeni, ili funza wasiizoee upesi.
3. Mbegu hii haileti mvua wala haipandishi bei.

Maswali ya kujadili
- Msimu uliopita tulitumia shilingi ngapi kwa dawa ya funza peke yake? Mbegu mpya inazidi ile ya zamani kwa shilingi ngapi?
- Nani atanunua pamba yetu, na kwa bei gani?
- Mvua ikikosa, deni la mbegu atalipa nani?

Mkiamua kujaribu, anzeni na kipande kidogo, na kando yake pamba ya kawaida. Mweka hazina aandike gharama na mavuno ya kila upande. Mali bila daftari huisha bila habari. Mwisho wa msimu someni hesabu hiyo mbele ya wote, kisha mpige kura.