Matembezi ya Kila Siku na Faida Yake kwa Ujirani

Katika nchi iliyo kando ya Ziwa Victoria, kutoka Kendu Bay na Homa Bay hata Migori na mpaka wa Tanzania, kwenda kwa miguu hakukuwa jambo la kufundishwa. Mtoto alikwenda shule kwa miguu. Mama alikwenda mtoni na sokoni kwa miguu. Mzee akiitwa kwenye shauri la ukoo, aliitwaa fimbo yake akaenda. Hapana aliyeuliza faida ya jambo hilo, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine.

Siku hizi mambo yamegeuka. Boda boda, ambayo ilianza kwa baiskeli mpakani Busia katika miaka ya 1960, leo ni pikipiki, nayo hufika hata mahali ambapo gari haliwezi kupita. Hatuilaumu hata kidogo. Humfikisha mgonjwa hospitali upesi, hubeba samaki kutoka ziwani kabla hawajaoza, tena huwapa vijana wengi riziki. Lakini safari ya saa moja imekuwa ya dakika kumi, na katika dakika hizo kumi abiria haamkii mtu, wala haamkiwi. Jambo lililokuwa la lazima sasa ni la hiari. Na jambo la hiari lisipotunzwa kwa makusudi hupotea. Katika somo hili tutaeleza ni kitu gani kinachopotea, na jinsi mtu awezavyo kukihifadhi kwa nusu saa tu kila siku, pasipo gharama.

FAIDA KWA MWILI

Mwaka 1953 daktari mmoja Mwingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitangaza uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya mji wa London. Dereva alikaa kitini siku nzima, ilhali kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi ili kukata tikiti. Watu hawa walikuwa wa mji mmoja na kampuni moja, lakini ugonjwa wa moyo ulionekana zaidi kwa madereva kuliko kwa makondakta. Tangu hapo mabingwa wa nchi nyingi wamechunguza jambo hilo, na wamezidi kuthibitisha kwamba mwili unaotumika hudumu. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 99.

Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2020, lashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa muda wa dakika 150 hadi 300 kila juma. Kutembea kwa hatua za haraka kidogo kumo katika mazoezi hayo. Hesabu yake si ngumu: nusu saa kwa siku, siku tano kwa juma, ni dakika 150.

Wako watu waliosikia kwamba ni lazima mtu apige hatua 10,000 kila siku, wakakata tamaa kabla ya kuanza. Yafaa wajue kwamba hesabu hiyo haikutoka kwa madaktari. Ilienezwa huko Japani mwaka 1965, wakati kilipouzwa kifaa cha kuhesabu hatua ambacho jina lake lilikuwa na maana ya kipimo cha hatua elfu kumi. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2019 juu ya wanawake wazee ulionyesha kwamba waliotembea hatua zipatazo 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea 2,700, na kwamba faida iliendelea kuzidi mpaka karibu hatua 7,500. Kwa hiyo mtu asidharau kidogo alicho nacho. Haba na haba hujaza kibaba.

Uchunguzi mwingine wawahusu Wajaluo wenyewe. Mwaka 1990 jarida moja la madaktari wa Uingereza lilichapisha habari za watu waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya wakahamia Nairobi. Shinikizo lao la damu lilionekana kuwa juu kuliko la wenzao waliobaki nyumbani, na badiliko hilo lilianza muda mfupi tu baada ya kuhama. Wachunguzi walitaja hasa chakula, yaani chumvi nyingi zaidi na vyakula vya kunenepesha. Hawakusema kwamba sababu ni kuacha kutembea, wala sisi hatusemi hivyo. Lakini twajifunza neno moja kubwa: mwili haungoji miaka mingi. Desturi za kila siku zikibadilika, nao hubadilika upesi. Basi mtu aliye kijijini asijidanganye kwamba yu salama kwa sababu tu hajahamia mjini, kama desturi za mjini zimemfuata nyumbani kwake.

FAIDA KWA MOYO WA MTU

Hata hivyo, anayetembea kwa hofu ya maradhi tu huchoka baada ya juma moja. Kinachomfanya mtu aendelee ni furaha. Na furaha ya matembezi haipatikani kwa kwenda mbali, bali kwa kupita njia ile ile, saa ile ile, hata macho yakaizoea na kuanza kuona yaliyofichika.

Mwenye kutoka alfajiri karibu na Homa Bay huona taa za wavuvi wa omena zikizimika moja moja juu ya maji, na baadaye mitumbwi ikirudi. Huona kilima cha Asego kikitoka gizani. Katika mashamba ya Awendo huona miwa inavyopanda mwezi hata mwezi. Karibu na mto Migori hujua, kwa rangi ya maji tu, kama mvua imenyesha huko juu. Mambo haya hayauzwi, wala hayaonekani vizuri kutoka juu ya pikipiki. Wajaluo husema, "Wuoth eka ine," maana yake, tembea ndipo uone. Waswahili nao husema, "Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota."

FAIDA KWA UJIRANI

Sasa twafika kwenye kiini cha somo. Mwenye kutembea kila siku huona watu, nao humwona. Huenda likaonekana dogo, lakini ndilo kubwa kuliko yote.

Tutwae mfano. Tuseme wako wajane wawili katika kijiji kimoja, ambao watoto wao wamekwenda kutafuta kazi Nairobi na Kisumu. Mmoja hukaa nyumbani, na kila kitu huletewa na kijana wa pikipiki. Wa pili hutoka kila asubuhi saa moja, hupita mbele ya duka, hupita shuleni, hufika kwenye mti fulani, kisha hurudi. Njiani hujibu "Oyawore" kwa watu kumi na wawili. Siku moja wote wawili wapatwa na homa kali. Yule wa pili, kabla ya saa tatu, mwenye duka amekwisha kuuliza, "Mama leo hakupita, kuna nini?" na mtoto ametumwa kwenda kumtazama. Yule wa kwanza, yamkini siku ya tatu ndipo watu watakapojua. Tofauti yao si mali, wala si watoto, wala si tabia njema. Tofauti ni kwamba mmoja hukosekana akikosekana, na mwingine hakosekani.

Hili si jambo la kijiji kimoja. Mwezi Juni mwaka 2025, Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba mtu mmoja katika kila watu sita duniani ana upweke, na kwamba upweke huhusiana na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Wazee wetu hawakuwa na hesabu hizo, lakini walijua namna ya kuuzuia upweke. Katika boma la Kijaluo wanaume walikutana jioni katika duol, nyumba ya mwenye boma, wakala na kuzungumza. Wasichana walilala katika siwindhe, nyumba ya bibi, wakasikiliza hadithi. Leo katika maboma mengi nyumba hizo hazipo tena. Njia bado ipo, nayo yaweza kufanya sehemu ya kazi yake.

Watu wa Karachuonyo, karibu na Kendu Bay, wana hadithi ya ziwa dogo la Simbi Nyaima. Wasema hapo palikuwa kijiji. Usiku mmoja bibi mzee mwenye njaa alifika kutoka safarini, watu wakiwa katika ngoma na pombe, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimpokea. Bibi yule akamwonya atoke upesi, kisha mvua kubwa ikanyesha, kijiji kikazama na watu wake. Wataalamu wa miamba husema kwamba shimo la ziwa lile ni la volkeno. Lakini hadithi ina fundisho lake: kijiji kisichomwona apitaye kwa miguu kimekwisha kupotea, hata kama nyumba zake bado zimesimama.

Mfano wa pili umo katika Kaunti ya Migori. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, ambazo ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018, zina kimo cha mita 1.5 hata 4.5. Hazikujengwa kwa saruji wala kwa udongo wa kushikamanisha. Jiwe limeegemea jiwe, na hivyo zimesimama kwa mamia ya miaka. Ujirani nao hujengwa hivyo hivyo. Haujengwi kwa sherehe moja kubwa kwa mwaka, bali kwa salamu ndogo zilizopangwa moja juu ya nyingine.

JINSI YA KUANZA

Kwanza, chagua saa moja na njia moja, usizibadili. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi au saa kumi na moja jioni yafaa, kwa kuwa jua la kando ya ziwa ni kali mchana.

Pili, anza na dakika kumi. Juma la pili ongeza tano, na hivyo hivyo hata ufike nusu saa. Nenda kwa mwendo ambao waweza kuzungumza lakini huwezi kuimba.

Tatu, tafuta mwenzi. Wanawake ambao wamekwisha kuwa na nyoluoro, yaani chama cha kuchangiana fedha kwa zamu, wana kundi tayari. Waweza kukutana njiani badala ya kukutana vitini. Mwenzi akisubiri kwenye njia panda, ni vigumu kubaki kitandani.

Nne, amkia kila mtu. Mjini Migori wako Wajaluo, Wakuria, Wakisii, na wengineo wengi. Ambaye hujui lugha yake, mwamkie kwa Kiswahili. Na yule ambaye humwoni kwa siku mbili, ulizia habari zake. Hiyo ndiyo kazi yako kama mtembeaji.

Tano, kabla ya kuanza, mwenye umri mkubwa au mwenye maumivu ya kifua aonane na daktari. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini Kenya wamepewa vifaa, na kimoja ni cha kupimia shinikizo la damu. Muulize aliye kijijini kwako.

HADHARI

Penye barabara kuu iendayo Isebania, malori ni mengi. Tembea upande wa kulia, ili uyaone magari yanayokujia usoni. Gizani vaa nguo nyeupe. Ufukoni mwa ziwa usitembee usiku wala kabla ya kupambazuka, maana saa hizo viboko hutoka majini kula majani. Wala usiingie Hifadhi ya Ruma katika Bonde la Lambwe kwa matembezi ya peke yako. Huko kuna nyati.

NENO LA MWISHO

Mtu atasema, "Je, methali haisemi kwamba mtembezi hula miguu yake?" Ni kweli, lakini methali hiyo yamwonya azururaye bila shughuli, akiacha kazi yake nyumbani. Mwenye kutembea nusu saa na kurudi hajaacha kazi. Ameirudia akiwa na nguvu, tena ana habari za jirani zake. Shughuli ya matembezi ni kujua nani yu mzima, nani mgonjwa, na nani amebaki peke yake. Kwa kazi hiyo kila mwenye miguu ana ujuzi wa kutosha, na mwenye kutembelea mkongojo naye hakuachwa nje.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Kwa nini ugonjwa wa moyo ulionekana zaidi kwa madereva wa London kuliko kwa makondakta?
2. Ni watu gani wapitao mbele ya nyumba yako kila siku? Wataje.
3. Ikiwa wewe huonekani kwa siku tatu, ni nani atakayekuja kuuliza? Na wewe utakwenda kumwulizia nani?