Hina, Piko na Wanja: Uliza Kimechanganywa na Nini

Hina ya majani haiwi nyeusi. Majani ya mhina yakisagwa na kukandwa kwa ndimu au chai ya rangi hutoa rangi ya machungwa, ambayo kwa siku moja au mbili hukolea ikawa hudhurungi. Nayo hutaka saa kadhaa mkononi. Ukipakwa kitu kikashika cheusi tititi kabla ya saa moja kwisha, hiyo ni piko, yaani rangi ya nywele, hata kama mchoraji wa ufukweni Diani anaiita "hina nyeusi".

Ndani ya piko mna kemikali iitwayo parafenilinidiamini, au PPD. Katika Umoja wa Ulaya, rangi ya nywele inapopakwa kichwani haifai kuzidi asilimia 2 ya PPD, na kuichorea ngozi hakuruhusiwi kabisa. Piko ya harusini hukorogwa kwa kukadiria tu.

Mara ya kwanza huenda usione kitu. Au zipite siku kadhaa, hata wiki mbili, kisha maua yale yale uliyochorwa yainuke malengelenge, yatoe maji, na kuacha kovu lenye umbo la ua. Wachoraji wa Diani walielewe hili vizuri: mgeni huwa ameshapanda ndege kabla ngozi haijaumuka, kwa hiyo "sijawahi kuletewa malalamiko" si ushahidi. Mwili ukishaikataa PPD, huikataa maisha. Bibi harusi aliyepakwa piko akija kutia nywele rangi miaka baadaye, uso unaweza kuvimba hadi macho yakafumba.

Hakuna anayesema harusi ziwe bila maua. Anayetaka rangi iliyokolea alale na hina usiku kucha. Asikubali ikorogwe kwa petroli wala mafuta ya taa.

Mtoto mchanga, lakini, asipakwe hata hina safi. Pwani yetu ni ya malaria, na penye malaria huwako watoto wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kwa mtoto wa namna hiyo hina inaweza kupasua chembe nyekundu za damu, akapata manjano na kuishiwa damu. Huwezi kumjua kwa kumtazama.

Wanja nao. Ule wa masizi ya taa ni kitu kimoja. Ule wa jiwe linalong'aa, unaoletwa kutoka ng'ambo, mara nyingi ni madini ya risasi yaliyosagwa. Mtoto hupakwa kwenye nyusi na paji la uso kumkinga na kijicho, kisha hujifuta na kulamba vidole. Risasi hudumaza ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliijua kupitia kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Ya kwenye wanja ni risasi ile ile.

Krimu za kujichubua nazo zina zebaki mara nyingi, na zebaki huharibu figo. Hubaki kwenye taulo na shuka, ikamfikia hata asiyejipaka. Soma kopo: ukiona "mercury", "Hg" au "calomel", au onyo kwamba krimu isiguse dhahabu na fedha, irudishe. Kopo lisiloandikwa kilichomo, au lisilo na alama ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), usilinunue.

Ikiwa piko imeanza kuwasha, osha kwa maji mengi na sabuni, usikune, na usipasue malengelenge. Mtoto akiimeza ni dharura, kwa sababu koo na ulimi huvimba upesi akashindwa kupumua. Usimtapishe, usimpe maziwa. Mkimbize Hospitali ya Rufaa ya Msambweni au kituo cha afya kilicho karibu zaidi, na uende na paketi yenyewe ili daktari ajue anapambana na nini.